Naenda Uingereza miaka miwili, bima ya gari na NCD yangu, lile punguzo la kutodai bima, nifanyeje?

Dada mmoja wa Kisumu, nesi, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Nimepata kazi Leeds, kontrakti ya miaka miwili, naondoka mwezi wa tisa. Niko na Mazda Demio, bima ni komprehensivu, ile inalinda hata gari yangu yenyewe, na inaisha mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Miaka mitano sijawahi kudai hata shilingi. Ndugu yangu mdogo anasoma Maseno na anataka nimwachie gari, mama naye anasema iletwe tu nyumbani Ahero ikae hapo kwa boma. Sasa nikate bima nirudishiwe pesa? Ile NCD yangu itapotea? Na nikinunua gari huko wataikubali?"

Dada, nimefurahi sana umeuliza kabla hujapanda ndege, juu wengi huniuliza wakiwa wameshafika huko na baridi imewashika na wanataka gari ya kwenda shifti ya usiku, na hapo kila karatasi unayohitaji iko Kisumu na wewe hauko. Niko kwa kazi ya bima miaka kumi na tisa sasa, nilianza Nakuru kwa upande wa kuandika kava, alafu nikaja huku Kisumu kama broka, na hii shida yako nimeiona kwa sura nyingi. Wacha nikujibu polepole.

Kuna vitu viwili hapa ambavyo watu huchanganya. Bima ni ya gari. NCD ni ya mtu. Lile punguzo la kutodai halikai kwa Demio, linakaa kwa jina lako, kwa sababu ni wewe umeendesha miaka mitano bila kusumbua kampuni. Kwa hivo swali la gari ifanyiwe nini ukiwa mbali ni lingine, na swali la kubeba rekodi yako ni lingine, na mtu anaweza kufaulu moja akaharibu lingine vibaya sana.

Nianze na hio rekodi kwa sababu ndio rahisi kupoteza.

Chukua ile karatasi ya mwisho ya kurinyu uangalie kama kuna mstari umeandikwa NCD na asilimia. Kwa wengine utaupata, kwa wengine hautaupata kabisa, kwa sababu hapa kwetu makampuni yameshindana bei mpaka mengi yanakupa tu reti moja iliyoshushwa tayari, tuseme gari ya milioni moja kwa reti ya 4% inakuwa 40,000, unaongeza ile tozo ya mafunzo ya 0.2%, ya mfuko wa fidia ya wenye bima 0.25%, na stempu ya shilingi 40, jumla 40,220, na hakuna mahali pameandikwa umepunguziwa kwa kutodai. Sasa mtu anaona hakuna huo mstari anadhani hana NCD. Unayo dada. Uingereza hawahesabu asilimia zetu, wao wanahesabu miaka. Wanataka kujua umekuwa na bima kwa jina lako miaka mingapi mfululizo bila kudai. Hio miaka mitano yako ni mali, iwe kampuni yako inaiita NCD ama haiiti chochote.

Lakini lazima iwe imeandikwa, na lazima iandikwe vizuri, na hapa ndio nataka uniskize sana.

Kuna kijana mmoja wa upande wa Kakamega alienda Manchester na barua yake mkononi, amefurahi. Barua yenyewe nimeiona na macho yangu, alinipigia picha. Ilikuwa mistari mitatu. Kwamba bwana fulani amekuwa mteja wetu tangu 2014, ni mteja mwema, hajatupatia shida yoyote, asanteni. Sahihi ya mtu bila cheo, hakuna namba ya polisi ya bima, yaani ule mkataba wake na kampuni, hakuna namba ya gari, hakuna tarehe kava ilianza na ikaisha, na jina liliandikwa mawili wakati paspoti iko na matatu. Kampuni ya huko ikamwambia pole, hii haionyeshi chochote. Akanitafuta. Nikaenda kwa ile ofisi kuomba barua nyingine na nikaambiwa walihamia sistimu mpya na rekodi za zamani ziko kwa makaratasi ya stoo, tukazunguka wiki saba. Kwa hizo wiki saba yeye alishachoka kungoja akanunua bima kama mtu asiye na mwaka hata mmoja, na huko wakikuhesabu sifuri unalipa kama kijana aliyetoka driving school jana.

Kwa hivo barua yako iwe hivi: iwe kwa karatasi yenye nembo ya kampuni ya bima yenyewe, sio ya ejenti wala ya broka kama mimi, kwa sababu sisi ni watu wa kati na huko hawatutambui. Iandikwe kwa Kiingereza. Majina yote kama yalivyo kwa paspoti, na mpangilio ule ule, hili la majina linaangusha watu wengi kuliko unavyofikiri maana kwa polisi ya bima tunaandikwa majina mawili na kwa paspoti matatu. Namba ya polisi ya bima, namba ya gari, tarehe ya kuanza na ya kuisha kwa kila mwaka. Iseme wazi kwamba kwa hio miaka yote kleimu zilizolipwa ni sifuri na hakuna inayongoja. Iseme wewe ndio mwenye bima na pia ndio dereva mkuu, sio kwamba ulikuwa umetajwa tu kwa bima ya mtu mwingine. Kama kuna asilimia ya NCD iandikwe pia haina shida. Alafu jina na cheo cha aliyesaini, muhuri, simu na imeili ya ofisi inayojibiwa, maana wale wa huko wanaweza kuandika kuuliza kama hio barua ni ya kweli, na imeili ikikosa kujibiwa ni kama barua haipo.

Na kama kwa hio miaka mitano ulihama kampuni, tuseme mbili kwa hii na tatu kwa ile, unahitaji barua mbili. Kampuni ya sasa haiwezi kushuhudia miaka ambayo haikuwa na wewe.

Sasa kitu kingine kuhusu wakati. Makampuni mengi ya Uingereza huitambua NCD kwa miaka miwili tangu kava ya mwisho iishe, baada ya hapo wanaihesabu imekufa. Saa inaanza siku ile bima yako ya mwisho inaisha, haianzi siku ile barua imeandikwa. Yako ikiisha mwisho wa mwezi wa kumi na moja uko na muda, kontrakti yako ni ya miaka miwili, lakini usikae mwaka wa kwanza wote ukisema nitanunua gari baadaye alafu kontrakti iongezwe na ujipate mwaka wa tatu na barua ambayo hakuna anayeitaka. Ikiwa unajua utanunua gari, nunua ndani ya huo muda.

Je wataikubali? Nikuambie ukweli, wengine wataikubali na wengine watakataa moja kwa moja. Kuna kampuni huko hazitaki kusikia NCD ya nje, kuna zinazokubali ya Ulaya peke yake, na kuna zinazokubali ya nchi yoyote mradi karatasi iko sawa. Zile tovuti zao za kulinganisha bei zinauliza tu miaka mingapi, ukijaza mitano bila kusema ni ya Kenya unaweza kupewa bei nzuri na ulipe, alafu wakuombe ushahidi, waone barua ya Kisumu, na wapandishe bei au wavunje kava. Piga simu. Uliza swali moja kabla ya yote, "mnakubali miaka ya kutodai kutoka Kenya?" na ukipata ndio, omba waandike kwa imeili. Mabroka wa huko wanaoshughulika na watu waliotoka nje ndio mara nyingi wanajua mlango wa kupitia.

Watakuuliza pia ajali na kleimu zako za miaka mitano iliyopita, na kwao hio ni pamoja na zile hazikuwa makosa yako na hata zile za nje ya Uingereza. Sema yote. Kama uliwahi kugongwa nyuma pale Kondele na mkaelewana na yule mwenye matatu bila kuhusisha bima, kleimu haiko lakini ajali ilikuwa, na kama fomu inauliza ajali, jibu ajali.

Leseni nayo. Leseni yetu ya Kenya haibadilishwi huko kama ya Afrika Kusini au Zimbabwe, Kenya haiko kwa orodha yao. Unaruhusiwa kuendesha na ya Kenya miezi 12 tangu uanze kuishi huko, baada ya hapo lazima uwe umechukua ya kwao ya mwanafunzi, ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani, hata kama umeendesha Kisumu Nairobi mara mia. Kwa hivo rinyu leseni yako kabla ya kuondoka isije ikaisha katikati, na usingoje umalize miezi kumi na moja huko ndio uanze kutafuta tarehe ya mtihani, tarehe zenyewe huwa zinangojewa sana. Ukiendesha mwezi wa kumi na tatu na leseni ya Kenya wewe ni mtu asiye na leseni, na bima yako nayo inatikisika, na kukamatwa bila bima huko ni faini ya pauni 300 na pointi 6 kwa leseni na gari inaweza kubebwa hapo hapo. Mtu akipata pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza tangu apite mtihani wao, leseni inafutwa. Wewe ni nesi, unahitaji leseni yako safi.

Haya, turudi kwa Demio.

Usikate bima mwezi wa tisa. Najua inauma kuona miezi miwili na zaidi inabaki ukiwa hauko, lakini ukikata katikati ya mwaka kampuni haikurudishii kwa hesabu ya siku zilizobaki, inatumia jedwali la muda mfupi ambalo linakula sana, na kwa majedwali mengi niliyoshughulika nayo ukishapita miezi minane hurudishiwi kitu. Wewe utakuwa umepita tisa. Wacha iendelee ikulinde mpaka mwisho, maana pia hio ndio inasogeza mbele tarehe ya mwisho ya NCD yako. Angekuwa mtu anayeondoka mwezi wa pili wa kava ningemwambia kitu kingine, akate, arudishe cheti, achukue kinachorudi.

Kitu cha kuangalia, kama ulilipa premiamu kwa mkopo wa benki wa kulipa kidogo kidogo, hakikisha akaunti iko na pesa mpaka ile awamu ya mwisho. Benki ikikosa kulipwa inaandikia kampuni ikate kava, na wewe uko Leeds hujui, na rekodi yako inaonyesha bima ilikatwa kwa kutolipa. Huko Uingereza wanauliza kama umewahi kufutiwa bima. Ni jambo dogo linalochafua kitu kikubwa.

Sasa kuhusu mdogo wako wa Maseno. Naelewa. Ni ndugu, gari itakuwa imekaa tu, na mtu akienda majuu bila kuachia ndugu gari nyumbani inaonekana kama ana roho mbaya. Lakini wacha nikuambie kitu nilichoshughulikia mwenyewe.

Mteja mmoja alienda nje kusoma akamwachia ndugu yake Probox, bima komprehensivu ya matumizi ya nyumbani, kila kitu kimelipwa. Ndugu naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa hana kazi, akaanza kubeba watu Mumias kwenda Kakamega asubuhi na jioni, unajua vile Probox huku kwetu inavyobeba. Siku moja mvua ikinyesha akaingia kwa mtaro, abiria wawili wakaumia, mmoja akavunjika mguu. Nilienda kwa gereji kuiona. Dashibodi imepasuka, kwa kiti cha nyuma kuna kiatu kimoja cha mtoto wa shule, na kwa ile droo ya mbele tukapata daftari ndogo ameandika nauli za kila siku kwa kalamu, mia, mia, mia na hamsini. Hio daftari ndio ilimaliza kila kitu. Bima ilikuwa ya nyumbani, gari ilikuwa inafanya kazi ya kubeba abiria, kampuni ikakataa kutengeneza gari. Na hio sio mwisho. Yule wa mguu akaenda kwa wakili, na karatasi za korti zilikuja na jina la yule aliye ng'ambo, sio la ndugu peke yake, kwa sababu sheria ya trafiki inamchukulia aliyeandikwa kwa logibuku kuwa ndio mwenye gari mpaka athibitishe vingine, na mwenye gari anashtakiwa kwa kosa la yule aliyeachiwa gari. Akarudi nyumbani na digrii na kesi. Mtu aliyeumia ana miaka mitatu ya kushtaki, kwa hivo unaweza kuwa umeshasahau ajali yenyewe na barua ya wakili ndio inafika.

Sisemi mdogo wako atafanya hivo. Nasema ukimwachia gari ikiwa kwa jina lako na bima ya jina lako, kila atakachofanya barabarani kinaandikwa kwako. Akigonga akadai, NCD inayoanguka ni yako, na usisahau NCD ni ya kutodai, sio ya kutokosea, hata akigongwa na mtu mwingine na kampuni ikalipa kwanza, punguzo linaguswa mpaka wakirudisha pesa yao kwa yule aliyekosa, na wakati mwingine hawarudishi. Tena yeye ni mwanafunzi, kama ana miaka chini ya 21 ama leseni ya chini ya mwaka mmoja, polisi nyingi za bima zinaweka eksesi ya ziada, ile sehemu ya hasara unayolipa mwenyewe, kwa dereva kama huyo, na wewe ndio utatumiwa mesegi ya kuitoa.

Alafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii: NCD moja inatumika kwa gari moja kwa wakati mmoja. Ukiendelea kuilipia Demio bima Kisumu kwa jina lako na ukitaka kutumia ile ile miaka mitano kwa gari ya Leeds, kampuni ya huko ina haki kukuambia hio rekodi iko kazini mahali pengine. Ukificha ni udanganyifu.

Kwa hivo mimi naona hivi. Kama kweli unataka mdogo wako aendeshe, mhamishie gari. Kabisa, kwa NTSA kupitia eCitizen, wewe unaanza, yeye anakubali, logibuku inatoka kwa jina lake, na yeye anachukua bima yake aanze kujijengea rekodi yake mwenyewe. Ukirudi mtajuana kama ndugu, atakurudishia au atakuongezea ununue nyingine. Ukiona hauwezi kumhamishia kwa sababu hauna hakika utaipata tena, basi pia hauna hakika ya kutosha kumwachia na jina lako. Naona afadhali niseme hivo wazi kuliko nikuache ujue ukiwa mbali.

Kama logibuku iko na jina la benki au sako pamoja na lako kwa sababu ya mkopo, hii yote haiwezekani bila wao, na pia hawatakubali ushuke kutoka komprehensivu mpaka umalize deni. Ongea nao kwanza.

Njia ya pili ni ya mama, ipaki. Hapa sheria inakusaidia, maana ile sheria ya thadi pati, yaani bima ya kulipa watu wengine gari yako ikiwaumiza, sura ya 405, inadai bima kwa gari inayotumika barabarani. Gari iliyokaa kwa boma na haitoki, sheria haikulazimishi kuichukulia bima. Kwetu hatuna ile fomu ya Uingereza ya kuitangaza gari haiko barabarani, unaacha tu kava iishe. Lakini isitoke kweli. Sio ati mtu aitoe mpaka stendi ya Ahero kuipasha moto. Siku hio moja ndio boda inaingia.

Mimi singeiacha tupu ingawa, ningechukua ile kava ya thadi pati na moto na wizi. Ni rahisi kuliko komprehensivu, na hatari mbili kubwa za gari iliyolala ni hizo, kuchomeka na kuibiwa. Uandikie kampuni kwamba gari imepaki, iko wapi, na funguo ziko kwa nani. Hapo napo kumbuka bado ni bima ya jina lako, kwa hivo siku utakayonunua gari Leeds na kutaka kutumia miaka yako mitano, wacha hio kava ya nyumbani iishe, ama umuulize yule wa huko kama anaruhusu gari iliyopaki Kenya.

Lakini dada, Ahero? Tafadhali angalia tena. Wewe ni mtu wa huko unajua mto Nyando ukifurika Kano yote inakuwa maji, na kava ya moto na wizi haina mafuriko ndani yake. Mafuriko yako kwa komprehensivu, na hata huko hakikisha yameandikwa. Gari ikiingiwa na maji mpaka kwa viti, waya zote zinaoza na hakuna anayekulipa. Kama uko na shangazi ama rafiki mwenye boma Riat ama Maseno huko juu, mpelekee hapo. Mama ataelewa ukimwambia ni maji.

Na traka, kile kifaa cha kuonyesha gari iko wapi. Kama polisi yako ya bima inasema gari iwe na traka, basi iendelee kulipiwa na iendelee kufanya kazi, maana wizi bila traka eksesi inapanda, kwa polisi nyingi ni 10% ya thamani ikiwa na kifaa na 20% ikiwa hakuna, na zingine zinakataa kabisa kama waliiweka kuwa sharti. Shida ni kwamba traka inakunywa betri polepole, gari ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa betri inakufa, traka nayo inazima. Na fundi atakuambia toa waya ya betri isife, ukitoa waya traka pia imezima. Mwenye boma aiwashe mara moja kwa wiki, dakika ishirini hivi, ndani ya geti, ama mtu wa traka aweke chaja ndogo. Hili nalisema kwa sababu nimeona kleimu ya wizi ikisumbuliwa miezi na sababu ni betri.

Kabla ya kuondoka andika hati ya uwakili kwa wakili, umpe mtu mmoja unayemwamini nguvu ya kusaini mambo ya gari, kurinyu, kleimu, hata kuuza ukiamua. Bila hio kila karatasi itakungoja. Na ubadilishe namba ya simu kwa rekodi ya kampuni, weka ya huyo mtu pamoja na imeili yako, kwa sababu laini yako ya hapa isipotumika muda mrefu inaweza kufungwa, na mesegi ya kava inayoisha itaenda kwa laini iliyokufa.

Kwa wale wanaosoma hapa na hawaendi mbali, wanaenda Kampala ama Kigali mwaka mmoja na gari yao kupitia Busia ama Malaba, hio ni hesabu tofauti. Nyinyi mnabaki na bima yenu ya Kenya na NCD inaendelea, mnaongeza ile kadi ya manjano ya COMESA kutoka kwa kampuni yenu, ambayo inalinda watu wa huko mtakaowagonga kulingana na sheria ya nchi hio, Tanzania pia wanaikubali ingawa walitoka COMESA. Lakini kadi hailindi gari yenyewe. Mpaka uandikiwe kwamba kava yako ya komprehensivu imepanuliwa kufika nchi hio, ukigonga nguzo Jinja unajitengenezea.

Na ukikaribia kurudi dada, fanya kinyume chake. Kama ulikuwa na gari huko, omba ushahidi wa NCD kabla akaunti haijafungwa, wenyewe hutuma kwa imeili haraka. Uje nayo kwa kampuni hapa ukiunganisha na ile barua ya kwanza, miaka mitano ya Kisumu na hio ya Leeds, na uwaombe reti kama mtu asiyewahi kudai. Hawalazimishwi, lakini ukiwa na karatasi mkononi mazungumzo yanakuwa mengine. Demio itahitaji valuesheni mpya, itakuwa imeshuka thamani, usikubali waandike ile bei ya zamani ukalipia thamani ambayo hautalipwa.

Hio barua ya kutodai iombe wiki hii. Ikija, nipigie picha nisome kabla hujaweka kwa begi, na kama jina haliko kama kwa paspoti tutairudisha siku hio hio.